Mtetea Aliyekohoa

Chang'ombe, Dodoma
3 Novemba 2024

Dada Sidonia,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama hajambo, na yule beberu wetu mwizi hajambo ingawa nasikia amekula khanga yako ya tatu mwaka huu. Mimi ni mzima. Joto la huku ndilo linalotutesa, na maji ya bomba yanakuja siku yanazopenda yenyewe. Iddy kondakta ameniapia kwamba barua hii itafika mkononi mwako, pamoja na sukari kilo mbili na dawa ya Mama ya kuchua magoti. Ningepiga simu, lakini siwezi kukupandisha kile kilima cha mawe kila siku ukatafute mtandao. Tena Mama mwenyewe alisema simu inakimbiza maneno. Basi tuandikiane, kama enzi zile nilipokuwa shule ya bweni.

Dada, zile siku mbili nilizokaa hapo mwezi uliopita nikimrekodi Mama zimezaa matunda. Ile katuni yetu ya Pasaka, "Sikukuu Bandani", sasa ina uhai. Ni dakika nane tu. Wanyama wa boma moja wanasikia kwamba wageni wa Pasaka wanakuja, na kila mmoja anaeleza kwa nini si yeye wa kuingia chunguni. Jogoo anadai ukoo wake ndio uliowika Petro alipomkana Bwana, kwa hiyo nyama yake ni mali ya kanisa. Punda anauliza nani alimbeba Bwana Jumapili ya Matawi. Bata hana cha kujitetea, anajifanya mgonjwa. Na katikati yao yupo mtetea mzee amelalia mayai, anawasuta wote bila kuinuka. Huyo ndiye Mama. Abubakari, fundi wetu wa sauti, alipomsikia akimwambia jogoo, "Babu yako aliwika kwa njaa, imani aliisikia baadaye," alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

Kioja kimoja. Vile vidoko vya lugha yetu, Mama anavyovipiga kwa ulimi akiwaita vifaranga, Abubakari alidhani ni kasoro ya kinasa sauti. Akavifuta vyote! Nilimkuta mtetea anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilimfokea, akavirudisha kimoja kimoja. Nikamwambia, ukimwondolea vidoko huyu si Msandawe tena, ni kuku tu.

Mwambie Mama watu watacheka sana.

Mdogo wako,
Ignas


Kijijini, kupitia Kwa Mtoro
24 Novemba 2024

Ignas mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa siku kumi na moja njiani kwa sababu Iddy aliisahau chini ya kiti cha dereva. Sukari hakuisahau, ila imefika imekonda. Huku hatujambo. Mvua inatudanganya tu, mawingu yanajipanga kama wanakwaya halafu yanatawanyika bila kuimba. Uwele tumeupanda hivyo hivyo kwenye vumbi. Katekista Noeli anakusalimu, na anauliza kama punda wa katuni ni wa kwake, maana amesikia umemchora na sikio lililokatika.

Mama hajambo. Nilimsomea barua yako mara mbili, akataka ya tatu. Pale pa vidoko alicheka sana. Kifua kinambana kidogo kwa ajili ya vumbi la msimu huu, si kitu. Wiki iliyopita tulikwenda Kondoa tukalala siku mbili, tulikuwa na shida ya khanga. Kula anakula.

Dawa ya magoti usitume tena, ile ya kwanza bado ipo.

Anasema usije Krismasi kama kazi haijaisha. Kasema hivyo yeye, si mimi.

Dada yako,
Sidonia


Chang'ombe, Dodoma
8 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa uzima. Huku mvua moja imenyesha, imebeba banda la mama muuza chapati mpaka kwenye mtaro, chapati zikaelea. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Mwambie katekista punda ni wa kwake kabisa, na asitegemee malipo.

Nimeshangaa kidogo watu kulala Kondoa siku mbili kwa ajili ya khanga. Lakini wanawake na khanga, mimi ni nani nihoji.

Krismasi sitaweza kuja. Tunakimbizana na kazi, maana parokia kadhaa zimeomba kuonyesha katuni Pasaka, na sisi mpaka sasa midomo ya bata bado haijafuatana na maneno yake. Nina ombi moja. Mwishoni kabisa, asubuhi ya Pasaka, mayai yanapopasuka, mtetea anasema, "Sikuinuka kwa sababu kuna aliyekuwa anakuja." Hapo pamechafuka kidogo. Azima ile simu ya tachi ya katekista, mkae ndani pasipo na upepo, Mama aseme sentensi hiyo mara tatu. Tatu tu. Akichoka, mara moja.

Nimemtumia Mama shuka zito. Asubuhi za huko zina baridi.

Ignas


Kijijini
29 Desemba 2024

Ignas,

Marahaba. Krismasi imepita salama. Mvua imeanza, mbuzi wawili wamezaa, shuka limefika.

Mama hayupo. Amekwenda kwa shangazi Mwanne, atakaa huko kidogo. Hiyo sentensi yako itabidi ifae kama ilivyo. Palipochafuka pasafishe wewe, si ndiyo kazi yako?

Sina mengi. Nina palizi.

Sidonia


Chang'ombe, Dodoma
9 Februari 2025

Dada Sidonia,

Shikamoo, na pole. Sijui niandike nini baada ya neno pole, maana mfiwa hampi pole mfiwa mwenzake deni likaisha. Natumaini wageni wa msiba wameshaondoka na umepata kulala. Iddy ameniambia alikuona barabarani umebeba kuni, hukumwitikia.

Ni wiki mbili na siku mbili tangu tumzike Mama. Tangu mmzike, maana mimi nilifika watu wananawa udongo mikononi. Uliponiona na mkoba wangu mgongoni ulisema mbele ya watu wote, "Umekuja kurekodi na mazishi?" Sikulaumu hata kidogo. Nilikaa siku mbili tukapishana mlangoni kama wapangaji. Ulinipa chakula, hukunipa neno.

Dada, mbona hukuniambia? Nimejua msibani, tena kwa katekista, kwamba zile siku mbili za Kondoa zilikuwa hospitali. Kwamba walimtoa maji kwenye kifua. Kwamba kwa shangazi Mwanne hakwenda, alikuwa amelala ndani mwake chini ya shuka langu. Miezi miwili uliniandikia habari za mbuzi. Ningekuja. Kazi ningeiacha. Uliamua peke yako kwamba mimi si mtoto wake?

Nimekasirika, na sioni haya kusema. Nina uchungu ambao hauna pa kukaa.

Ignas


Kijijini
4 Machi 2025

Ignas,

Marahaba. Nyumbani ni wazima. Uwele umetoa masuke, ndege wameanza kuzoea shamba. Kesho ni Jumatano ya Majivu, katekista amekuja kuchukua matawi ya mwaka jana akayachome.

Umeuliza, nakujibu. Mama alinikataza. Tulipotoka Kondoa alinishika mkono kwenye basi akasema, "Ignas asiambiwe mpaka kuku wake waanguliwe." Nilibishana naye mpaka kondakta akageuka. Akaniapisha kwa jina la Baba. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nilikaa na siri hiyo huku nikimgeuza ubavu, nikimpepea, nikimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila barua yako inafika ikiuliza sentensi. Nilitamani kuichoma ile ya Desemba. Mara tatu, unasema. Akichoka, mara moja. Alikuwa hawezi kutamka jina langu mpaka apumzike katikati.

Na mimi nina langu la kuuliza. Ulikaa naye mwezi wa kumi siku mbili, ukambandika waya kifuani, ukavaa yale madude yako masikioni ambayo unasema yanasikia mpaka pumzi ya mende. Alikuwa anakohoa, Ignas. Mimi niliyekuwa jikoni nilisikia. Wewe hukusikia?

Hiyo katuni yako sitaki sauti yake iwemo. Watu wakae wamshangilie, wapige makofi, na yeye yuko chini hata udongo haujashikana? Siku nilipokupigia mara tatu, nimesimama juu ya mawe na mvua, simu yako ilikuwa imezimwa. Sijui ulikuwa wapi. Sitaki kujua.

Sidonia


Chang'ombe, Dodoma
16 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Leo sina habari za mvua wala za jirani, nisamehe.

Nilisikia.

Nilisikia tangu asubuhi ya kwanza. Nilimwambia, "Mama, hapo umekohoa, rudia." Akarudia. Nikamwambia tena. Alikuwa anacheka, ananiambia kuku naye huumwa mafua, nami nikacheka. Nilijiambia ni vumbi. Nilitaka liwe vumbi. Niliporudi huku nilikaa kwenye kompyuta siku nne nikikata vikohozi, kimoja kimoja. Kwenye skrini kikohozi kinaonekana kama kichaka, unakizungushia mstari, unakifuta, maneno yanaungana. Nilivihesabu, vilikuwa mia na arobaini na vitatu. Nilimfokea Abubakari kwa sababu ya vidoko vya Mama, kisha mimi mwenyewe nikaondoa mia na arobaini na vitatu bila mtu kunifokea. Uliposema kifua kinambana kidogo nilifurahi, Dada. Nilifurahi kwa sababu ya lile neno kidogo.

Na simu. Chumba cha kurekodi simu huzimwa, ni sheria niliyoiweka mimi, nimeiandika mlangoni kwa kalamu nyekundu. Siku ile tulikuwa tunaingiza sauti ya Mama kwenye mdomo wa mtetea, neno kwa neno, mdomo ufunguke pale pale anapofungua yeye. Ulipokuwa unanipigia kwamba amenyamaza, mimi nilikuwa namfanya aseme.

Umesema sauti yake isiwemo. Sitabishana. Sitaitoa bila ruhusa yako, nimewaambia wenzangu hivyo na wamenielewa. Lakini nakuomba uifikirie mara moja zaidi. Sikuitengeneza achekwe yeye. Nilitaka mtu wa Mbeya, mtu wa Tanga, asikie kwamba kwenye boma moja la Usandawe palikuwa na mwanamke wa namna hii. Nisipopata jibu lako mpaka Jumapili ya Matawi, Shamila wa hapa ofisini atasema maneno ya mtetea badala yake. Ni msichana wa Kondoa mwenye sauti nzuri, atafanya vizuri.

Nimempa Iddy kadi ndogo ya kumbukumbu, imefungwa ndani ya karatasi hii. Ingiza kwenye redio ya kadi ya katekista. Ni rekodi yote kabla sijaigusa. Sijamsikilizisha mtu. Mimi mwenyewe sijaweza kuirudia.

Ignas


Kijijini
23 Aprili 2025

Ignas mdogo wangu,

Marahaba mdogo wangu. Natumaini Pasaka imekupitia vizuri na umekula pamoja na watu. Huku tumeanza kuvuna uwele. Si mbaya. Mbuzi ni wazima, beberu nimemuuza, sasa khanga zangu zinakauka kwa amani. Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Iddy alisimamisha basi mara mbili akipiga honi, akaniuliza jibu liko wapi, nikamwambia bado halijaiva.

Kadi niliipata mapema. Niliiweka ndani ya kibuyu cha mbegu nikawa naizunguka. Jumapili ya Matawi ilipita, nikajua umeshampa yule msichana, nikajiambia basi, limekwisha bila mimi kusema ndiyo wala hapana. Jumatatu ya Pasaka katekista alileta projekta ya padre, wakatundika shuka kwenye ukuta wa kigango, kijiji kizima kikaja. Watu walicheka, Ignas. Wazee walicheka wakashika mbavu. Jogoo aliposema nyama yake ni mali ya kanisa, hata katekista aliinama. Mimi nilicheka pale pa bata, kisha nikaona aibu. Na mtetea alipofungua mdomo nikamsubiri Mama. Akatoka mtoto wa watu. Alijitahidi, hata vidoko alijaribu, lakini vilitoka kama mtu anayefyonza pipi. Nilirudi nyumbani nikatoa kadi kwenye kibuyu.

Nimesikiliza siku mbili. Vikohozi vyote nimevisikia, na wewe ukisema rudia, Mama rudia. Nilikuchukia pale. Halafu namsikia yeye anavyokujibu. Ana furaha. Anajibadilisha, mara jogoo, mara mtetea, anakutania kwamba ulipokuwa mdogo ulilia kuku wako akichinjwa lakini paja ulilidai. Sikujua Mama ana sauti nyingi kiasi kile.

Kisha nikajisikia mimi. Sauti inatoka jikoni, kali: "Mama, acheni huo upuuzi wa kuku, njoo, uji unapoa!" Naye akajibu kwa lugha yetu, polepole, bila hasira, "Niache kidogo. Huyu ananisikiliza."

Nilizima redio.

Miaka tisa nimekaa naye. Maji ya kuoga nilimchotea mimi, kucha nilimkata mimi, magoti nilimchua mimi. Sikuwahi kumkosea adabu, mtu yeyote kijijini atakwambia. Lakini nilimlisha, Ignas, sikumsikiliza. Kila alipofungua mdomo nilikuwa na sufuria motoni. Nilikunyima sauti yake nikidhani naitunza, kumbe nilikuwa na wivu. Nimeumia, na safari hii hujaniumiza wewe. Mwakani ukiionyesha tena, mrudishe Mama mahali pake. Na kikohozi kimoja ukiache, watu wajue hakuwa wa kuchora.

Jambo la mwisho. Kwenye kadi, mwisho kabisa, kazi yenu imeisha, unamshukuru. Yeye anaanza hadithi ambayo haimo kwenye katuni. Ni ya mwanamke aliyekwenda kuomba moto kwa jirani, akakuta jirani amehama, nyumba tupu, na moto bado unawaka mekoni. Mwanamke anapiga magoti aupulize. Hapo kinasa kinazimwa. Hadithi hiyo Mama alinianzia mimi labda mara ishirini, na kila mara nilimwambia, kesho Mama. Hapa nimewauliza watu wazima wote, hakuna anayeijua. Wewe ulikuwa umekaa mbele yake. Ilikwishaje?

Dada yako akupendaye,
Sidonia


Chang'ombe, Dodoma
29 Aprili 2025

Dada yangu Sidonia,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo mchana, nimeisomea pale pale kituoni nimesimama. Nitakuja na basi la Iddy Jumamosi, nikae mpaka mavuno yaishe. Ofisini nimeshaaga. Nitabeba mundu wangu mwenyewe, usiazime.

Ulinidanganya miezi miwili kwa ajili yangu, nami ningeweza kukudanganya leo kwa ajili yako. Nimekaa hapa nikijaribu kutunga mwisho. Ningesema moto ulikubali, au jirani alirudi. Wewe ungeamini. Lakini sijui, Dada.

Aliisimulia mpaka mwisho, hilo nakumbuka, maana aliongea muda mrefu baada ya kuzima kinasa. Nilikuwa nimempa mgongo, nakunja nyaya, natafuta kifuniko cha betri, nawaza basi la saa saba. Nilimwitikia "ehee, Mama," na "ehee" tena, kila aliponyamaza kidogo, mpaka akanyamaza kabisa, nami nikadhani amemaliza.

Mdogo wako,
Ignas